Sura Ni Ile Ile

Marahaba wanangu, marahaba. Najua hamjanisalimia bado, lakini naitikia kabisa mapema, maana nikishaanza kuongea hamtapata nafasi.

Mimi ni Mama Rehema. Hapa Korogwe ukiuliza Mama Rehema utaoneshwa wengi. Uliza Mama Rehema wa sinema, utasindikizwa mpaka mlangoni. Nimetafsiri sinema kwenye kibanda umiza cha Mzee Mhina, banda letu la kuoneshea video, tangu enzi za kanda kubwa kama tofali, mpaka leo sinema nzima inakaa kwenye kitu kama punje ya muhindi. Sasa nimestaafu. Goti limesema basi, sauti ikasema bado, nikalisikiliza goti. Ninyi vijana mliopokea maiki mmeniomba niwaachie maneno ya kazi. Kuandika sijui sana, shule niliacha kabla haijanizoea. Naongea na simu hapa, na atakayeandika aandike nilivyosema, asininyooshee.

Kazi yenyewe niliianzia nje ya mlango. Nilikuwa nakaanga mihogo pale ubavuni mwa kibanda, karibu na soko. Ndani Mzee Mhina anatafsiri, nje mimi nageuza mihogo na kusikiliza. Huyu mzee ujanani mwake alikuwa kwenye lile gari la sinema lililokuwa linazunguka mashamba ya mkonge, wanatundika shuka jeupe, watu wanakaa chini uwanjani. Kizungu chake kilikuwa mwanzo na mwisho tu, katikati anajaza mwenyewe. Lakini alivyokuwa anajaza! Mimi nilizijua sinema zake zote na sijaona hata moja. Nilikuwa nazisikia tu kupitia mabati, mafuta yanachemka, na moyoni nina picha zangu mwenyewe.

Basi siku moja mafua yakamkamata mzee, sauti ikapotea yote. Watu wameshakaa ndani, kanda imeshaanza. Akatoka nje, ananyooshea mdomo wake kidole, halafu ananinyooshea mimi.

Nikamwambia, "Mzee, mimi na mihogo yangu?"

Akatikisa kichwa kama mbuzi aliyeona pumba. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikaingia.

Jamani! Yule adui niliyemchukia muda wote ule kupitia ukutani, ndiyo kwanza namwona, na kumbe kijana mzuri kupita steringi, shujaa mwenyewe! Ikanitoka kwenye maiki: "He! Kumbe adui mwenyewe ndiyo huyu? Uzuri wote huu unafanya ujambazi wa nini, mwanangu?" Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Toka siku hiyo mihogo akakaanga mtu mwingine.

Mzee Mhina alinifundisha mambo ambayo mpaka leo nayaona sahihi. La kwanza, kila mtu mpe jina la hapa kwetu. Ukimwita jina lake la Kizungu, watu wanalisahau kabla hajashuka kwenye gari. La pili, usitafsiri mdomo, tafsiri macho. Mdomo unadanganya, halafu wewe Kizungu chenyewe hukijui. La tatu, ionje kanda asubuhi kabla hujawapa watu, kama unavyoonja chumvi ya mboga. Na la nne, ya mji yabaki mjini. Mtu amekuja kibandani kupumzika na mambo yake, usimfuate nayo mpaka gizani. Mtu ukimjua ana ugomvi na jirani, usimtie ugomvi wake kwenye sinema. Hili la nne ndilo lililonitesa, nitalifikia.

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Maiki ilikuwa inapiga shoti mdomoni jenereta ikinguruma, nikaivisha kipande cha khanga. Kanda ikilegea tunaizungusha kwa penseli. Kichwa cha deki tulikuwa tunakisafisha kwa marashi yale ya rahisi, kibanda kizima kinanukia harusi, hata kama ndani wanauana.

Na siku za gulio tulikuwa tunafunga televisheni kwenye godoro tunakwenda nayo mpaka Misima. Kule wanakuja na wazee wa Kimaasai, wanakaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Siku moja tumeweka sinema ya wale jamaa wa farasi na bastola, wanaswaga ng'ombe jangwani. Mzee mmoja akasimama mbele ya televisheni, akaniambia, "Mama, simamisha. Hawa ng'ombe hawajanywa maji tangu sinema ianze."

Nikamwambia, "Watakunywa mbele, mzee."

"Lini?"

"Mbele kidogo."

"Na huyu anayewachunga ni mtoto wa nani?"

Nikajua hapa leo kazi ipo. Ikabidi kila wakionekana ng'ombe niseme kwenye maiki, "Wametoka kunywa sasa hivi." Akatulia. Steringi alipigwa risasi tatu, mzee wala hakujali.

Na mambo ya mabusu je? Unaona mkwe wa mtu amekaa na mkwe mwenzie. Hapo mimi nasema, "Anamnong'oneza habari za msiba." Kuna watu Korogwe hii wamekua wakiamini Ulaya kuna misiba mingi.

Haya. Sasa kanda ya mapacha.

Mzee Mhina alikuja nayo kutoka Tanga, haina jalada, haina jina. Nikaionja asubuhi peke yangu, nikatoka kichwa kinauma. Ilikuwa sinema ya kutisha, lakini siyo ya majini wala ya kukatana mapanga. Ni dada wawili, mapacha, sura moja, wanakaa kwenye jumba kubwa na mama yao mgonjwa. Mmoja siku moja anavaa koti la mwenzie, anakwenda kazini kwa mwenzie, hakuna anayeshtuka. Kesho anafanya tena. Anaitwa jina la mwenzie, anaitika. Yule mwingine akisema, "Jamani mimi ndiye," watu wanamcheka, wanamwita kwa jina la ndugu yake. Polepole mtu anaporwa mtu wake mzima, na mwizi ni sura yake mwenyewe. Mwishoni amebaki mmoja tu mbele ya kioo, anachana nywele, anaita jina, halafu anaitika mwenyewe. Basi, kanda imekwisha.

Sasa mimi nitatafsirije? Nyie mnawajua watu wa kibanda umiza, swali lao la kwanza hata kabla ya kukaa ni, "Steringi nani, adui nani?" Hapa steringi na adui wana uso mmoja! Nikawapa majina, Kulwa na Doto, vipi tena? Lakini dakika mbili tu sijui Kulwa yupi, Doto yupi.

Nikasema, anayetaka kujua kitu akiulize kwa wenyewe. Na wenyewe tulikuwa nao hapo hapo sokoni.

Kulwa na Doto wa kwetu walikuwa mafundi cherehani, wasichana wa makamo ya kuolewa. Baba yao alikuwa Mnyamwezi, alikuja kukata mkonge, akaoa kwetu Uziguani, akafariki watoto wakiwa wadogo. Majina ndiyo kawaachia: wa kwanza kuzaliwa Kulwa, wa pili Doto. Mama yao, Mama Kulwa, aliwavalisha sare tangu wananyonya. Cherehani walikuwa nayo moja. Asubuhi anashona huyu, mchana anashona huyu, mteja wala hajui. Unamwachia kitambaa Kulwa, gauni unapewa na Doto, na ukigombana na mmoja juu ya zipu, mwenzie ndiye anakunyima salamu. Sokoni hakuna aliyejisumbua kuwatofautisha. Tulikuwa tunawaita Mapacha, ukiita wanageuka wote wawili.

Na wakati huo mji mzima ulikuwa na habari yao. Kijana mmoja wa Mnyuzi, Rashidi, alikuwa analeta machungwa sokoni. Kila akija suruali yake imechanika. Leo mfuko, kesho goti, siku nyingine mahali ambapo sisemi. Na hakubali ashone mwingine ila Doto. Alijuaje yupi ni Doto wakati sisi wote hatujui, Mungu ndiye anajua. Basi akatuma washenga, wazee wawili wa Mnyuzi, kumposa Doto.

Mama Kulwa akawakaribisha vizuri, akawapa uji wenye tangawizi, halafu akawaambia, "Doto haolewi mbele ya dada yake, hiyo kwetu ni aibu. Chukueni Kulwa. Sura ni ile ile."

Na wale wazee wakatazamana, wakasema, "Kweli, sura ni ile ile." Wakakubali! Mahari ikapokelewa.

Mimi haya niliyapata kwa Shangazi Nyamizi, dada yake marehemu baba wa mapacha, ambaye alikuwepo kwenye kile kikao. Alikuwa anayasema bombani kila asubuhi, ndoo imejaa inamwagika, yeye bado anasema. "Mimi niliwaambia huyu wifi yangu Mzigua anagawa watoto kama vitenge vya doti! Hanisikilizi. Ananiambia wewe ni mtani, huna la maana." Na Rashidi alipopata habari sokoni kwamba mchumba wake amebadilishwa, akaenda kwa baba yake mdogo kulalamika. Akaambiwa mahari imeshafika, usituaibishe. Basi kijana akarudi na machungwa yake. Suruali zikaacha kuchanika.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa mimi nilipokwenda kuwaita mapacha waje kunisaidia kuionja kanda. Wallahi sikuwa na hila. Nilikuwa nataka mtu anioneshe Kulwa yupi.

Wakaja asubuhi, wakakaa benchi la mbele. Sinema haijakwenda mbali, Kulwa akasema, "Huyu aliyepita mlangoni kwanza ndiye Kulwa."

"Umejuaje?"

"Aliyezaliwa kwanza anapita kwanza. Sisi nyumbani hata chooni."

Doto akacheka, "Hata chooni nasubiri kweli, Mama Rehema. Nimesubiri huyu tangu tumboni."

Nikafurahi! Nikatazama vizuri, na kweli, kwenye ile sinema kuna mmoja kila mlango anatangulia na mwingine yuko nyuma yake. Sijui kama aliyeitengeneza alikusudia, lakini mimi alama yangu nimepata. Halafu ikafika mahali yule wa nyuma, amevaa koti la mwenzie, anaufikia mlango, anasimama kidogo, anapita wa kwanza. Hao wote wawili kwenye benchi wakaacha kucheka.

Kanda ikafika mwisho, yule kwenye kioo anachana nywele. Nikauliza, "Haya mafundi wangu, aliyebaki ni nani?"

Kulwa akasema, "Doto. Kulwa ndiye kapotea."

Doto akasema, "Hapana, aliyebaki ni Kulwa. Aliyepotea ni Doto."

Wakatazamana. Kila mmoja kaona aliyepotea ni yeye! Doto akaanza kulia.

Kulwa akamwambia, "Sasa wewe unalia nini, na anayeolewa ni mimi?"

"Ndiyo maana nalia."

"He! Kwani mimi namtaka? Yule mtu wako akinitazama anatafuta mtu nyuma yangu!"

Kumbe chumba kimoja, kitanda kimoja, cherehani moja, na hili jambo hawajawahi kuambiana. Kila mmoja alidhani mwenzie karidhika. Wakashikana pale kwenye benchi, kulia na kucheka, mimi nikalia nao, sinema imekwisha televisheni inavuma tu chenga nyeupe.

Nikawaambia, "Nendeni mkamwambie mama yenu."

Kulwa akasema, "Mama ameshapokea mahari ya watu. Mtoto anamwambiaje mama yake kwamba amekosea? Mseme wewe, Mama Rehema. Jumapili si atakuja? Wewe una maiki."

Hapo sasa. Mnakumbuka la nne la Mzee Mhina? Nilimwambia mzee. Akapenga kamasi, akasema, "Siku utakayomsema mtu kwenye maiki yangu, hiyo maiki rudi nayo kwenye mihogo." Na alikuwa sahihi. Mama Kulwa alikuwa mama mwenye heshima, mjane, kawalea wale watoto kwa jembe. Ukimsema mbele za watu atakukatalia hata jua. Angemwoza Kulwa siku ya pili yake kwa hasira tu.

Jumapili alasiri kilikuwa kipindi cha akina mama. Mchana wanaume wanatazama mpira na ngumi, alasiri ni sisi, na khanga zetu na karanga zetu. Siku hiyo tumeziba kila tundu kwa magunia, giza kama la chungu. Mapacha wamekaa mbele. Mama Kulwa katikati, Shangazi Nyamizi pembeni yake, wamekwishaanza kutaniana hata kanda haijaingia.

Mtu wa kwanza akapiga kelele, "Mama Rehema, steringi nani?"

Nikasema, "Leo steringi na adui wana mama mmoja. Tazameni mlango. Anayetangulia mlangoni ni Kulwa, anayefuata ni Doto."

"Aaa, kama hawa wetu!"

"Kama hao wenu," nikasema, halafu nikajikanyaga mguu mwenyewe.

Wanangu, nilitafsiri siku hiyo mpaka jasho. Alipovaa koti la dada yake, kina mama wakaguna. Alipoufikia mlango akasimama, nikasema taratibu, "Doto... Doto unakwenda wapi?" na akapita wa kwanza, wakapiga ukelele kama wameona nyoka. Yule dada mwingine anapita mtaani anasema mimi ndiye, mimi ndiye, na watu wanamcheka, kuna mama mmoja kule nyuma alisema, "Mimi natoka, siwezi," na hakutoka.

Ndipo ikafika pale kwa mama mgonjwa. Mama amelala kitandani. Aliyevaa koti amekaa kando yake, amemshika mkono. Dada mwenyewe wa kweli amesimama mlangoni, machozi yanashuka, anasubiri mama yake aseme tu Kulwa ni yupi. Na mama anamtazama huyu, anamtazama yule. Halafu anafumba macho, anaukumbatia ule mkono usiokuwa wa Kulwa.

Maneno yote yalikuwa ulimini. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, mazuri, ya mafumbo, kila mtu angeelewa. Mdomo nimeshaufungua. Nikaiweka maiki mapajani. Nikanyamaza.

Mimi, kunyamaza! Mzee Mhina alidhani maiki imekufa, akaja kwa kunyata akaigonga gonga. Nikamsukuma mkono. Kibanda kizima kimya, ni yule mama anapumua kwenye televisheni, basi.

Sauti ikatoka katikati ya giza: "Wewe mama! Siye huyo! Mwenyewe yule mlangoni!"

Alikuwa Mama Kulwa. Amesimama kabisa, khanga imemwanguka begani, anainyooshea televisheni kidole. "Mama gani wewe, hujui uliyemzaa? Mtazame! Mtazame anavyokulilia!"

Na Shangazi Nyamizi, bila hata kuinuka, anamenya karanga, akasema kwa upole kabisa, "Si sura ni ile ile, wifi?"

Yarabi toba. Pale hata jenereta naona ilipunguza mngurumo. Hakuna mwanamke mle ndani asiyejua maneno yale yalitoka wapi. Nikasema sasa ama anampiga wifi yake, ama anatoka, na akitoka hivi, basi Doto wangu amekwisha.

Mama Kulwa akabaki amesimama. Mwanga wa televisheni unampiga usoni. Halafu akasema, "Doto."

Wakageuka wote wawili, kama walivyozoea.

Akasema tena, "Nimemwita Doto. Kulwa sijamwita."

Kulwa akageuza shingo yake taratibu akatazama mbele. Akabaki Doto peke yake, uso umeelekea kwa mama yake. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kugeuka peke yake.

"Yule kijana wa machungwa ni wako?"

Doto akajifunika khanga uso mzima. Kulwa, macho yake kwenye televisheni, akajibu kwa sauti, "Ni wake, mama! Amchukue na suruali zake zote!"

Basi hapo ndipo kibanda kilipovunjika. Vigelegele, makofi, watu wanakumbatiana, karanga zimemwagika chini. Mama Kulwa anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya khanga, akamwambia wifi yake, "Wewe Mnyamwezi, siku ukifa sitakulilia, nitakucheka." Shangazi akamjibu, "Nitarudi nikuone kama unacheka vizuri." Halafu Mama Kulwa akakaa, akaniambia, "Haya Mama Rehema, endelea. Nimelipa kiingilio."

Nikaichukua maiki nikaendelea. Na mwisho nilikuwa bado sijui nitasema nini, wale kina mama wanataka kujua aliyebaki ni nani. Yule kwenye kioo anachana, anaita, anaitika. Nikasema, "Mnamwona? Anajiita mwenyewe na kujiitikia mwenyewe. Hana tena wa kumwita." Wakatoka pale wameshikana mikono, na nimeambiwa usiku ule kuna waliofunika vioo.

Kule Mnyuzi haikuwa rahisi. Mama Kulwa alikwenda na Shangazi kuwakabili wale washenga wawili, na wazee wakanuna kwelikweli. "Mama, si ulisema mwenyewe sura ni ile ile?"

Akawajibu, "Sura ndiyo. Mtu siyo."

Mzee mmoja akasema, "Na huyo mkubwa, aibu yake tutaiweka wapi, akitanguliwa na mdogo?"

Hilo alikuwa amekwishalijibu Kulwa mwenyewe nyumbani: "Mimi nilitangulia kuzaliwa, inatosha." Na yule mzee alipoambiwa kijana amepata usingizi sasa, suruali zimeanza kuchanika upya, akacheka mpaka kofia ikamtoka.

Harusi nilikuwepo, na maiki yangu, maana Mzee Mhina aliitoa itumike bure siku ile, ndiyo zawadi yake. Kina mama waliwafunika mapacha wote wawili khanga moja moja, sare, kuanzia utosini mpaka vidoleni, wakawakalisha mkekani, wakamwambia Rashidi achague. Shangazi akamwambia, "Ukikosea, unabaki na uliyemshika." Kijana akatoa suruali kwenye mfuko, imechanika pale nisiposema, akaitikisa. Khanga moja ikaanza kutetemeka kwa kicheko. Akaenda akaishika mkono hiyo hiyo. Alikuwa Doto.

Wakati wa kutoka ndani ya nyumba, wakafika mlangoni. Kulwa akasogea pembeni, akasema, "Pita." Doto mguu ukagoma. Anamtazama dada yake, hajui kupita. Mama Kulwa akamwambia, "Pita, mwanangu, leo mlango wako." Bado amesimama. Kulwa akamsukuma mgongoni kwa mikono miwili, "Hebu pita huko, unatuchelewesha!" Akatoka nje mbio kama kuku kafunguliwa, na vigelegele nyuma yake.

Kulwa alibaki na cherehani. Baadaye na yeye aliolewa, na mwalimu, mtu mmoja mpole ambaye mpaka leo Doto akija kumtembelea dada yake, anasubiri kwanza aone nani anakwenda jikoni.

Ninyi mnanijua, nimeongea sana. Lakini la kuwaachia ni hilo: ipo siku maneno yako yote yatakuwa mazuri na utatakiwa kuyameza. Watazamaji wanaona. Usiwaonee huruma mpaka uwazibe macho kwa mdomo.

Siku yangu ya kuagwa mliniuliza mniwekee sinema gani, nikataka ile ya mapacha. Mliitafuta mkaitoa kwenye kanda mkaiweka kwenye flashi, ina mikwaruzo bado, nikaifurahia mikwaruzo. Mzee Mhina hayupo, Mungu amrehemu, lakini benchi lake lipo. Na mliwaona wenyewe wale kina mama wawili waliochelewa. Mmoja katoka Mnyuzi, mwingine hapo mtaa wa pili, wanene sasa, gauni tofauti, vilemba tofauti. Wakafika mlangoni pamoja.

"Pita wewe, dada."

"Pita wewe, mgeni."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Ukubwa niliacha kwenye harusi yako. Pita!"

"Sipiti."

Ndani watu wanapiga kelele, "Mwanga unaingia! Ingieni au mtoke!" Wakaingia wote wawili kwa pamoja, kwa ubavu, wanacheka, na kitasa kikang'oka.

Hicho kitasa bado kiko chini ya benchi la Mzee Mhina. Mkikirudisha mlangoni msikipigilie ndani sana, wale wawili watakuja tena.